Mikono ya Mama Iko Stoo

Jana usiku niliota nagombana na jirani yetu Mama Salhina, na nilipoingia ndotoni ugomvi ulikuwa umeshachemka zamani.

“Juzi ulimlisha wewe, Mama Ridhiki,” ananiambia, “na jana ukamlisha wewe. Leo kijiko changu.”

“Chako nani kakupa? Mama kanizaa mimi.”

“Kakuzaa wewe, kusuka kanifunza mimi. Wewe kimkeka kimoja cha kitanga hujakimaliza mpaka leo.”

Tulikuwa uani kwetu, Ngamiani, mimi nimeshika hotpoti upande huu, yeye kaishika upande ule, tunavutana. Mama Salhina alikuwa amevaa koti la mvua la askari wa barabarani na hakuna aliyeona ajabu. Kuku walikuwa wamepanga foleni, wametulia, wanasubiri mshindi.

Ndotoni kila mtu anajua kila kitu, ila niwaeleze ninyi ambao hamkuwepo. Mama yangu, Bi Mwantumu, ni msusi wa mikeka. Mwezi uliopita aliteleza kwenye simiti ya bafuni, nyonga ikavunjika, madaktari wakaiwekea chuma. Yuko wodini tangu hapo. Na sisi kwetu mgonjwa hatelekezwi. Saa ya kuona wagonjwa ikifika tunaingia kama tunakwenda harusini: huyu anamlisha, huyu anamfuta mdomo, yule anamsuka nywele, mwingine anamkanda, na aliyekosa nafasi anampepea kwa mfuniko wa ndoo. Mama hanyanyui hata kidole. Tukitoka, korido nzima inatusifu. Sifa zile, kusema kweli, zilinikaa vizuri.

Sasa daktari amesema Jumatatu atampitia. Akimkuta anaweza kula, kujifunga kanga yake na kujikokota na gongo la kutembelea mpaka msalani, anarudi nyumbani, kwenye chumba chake kinachotazama barabara, anakosuka huku anajua nani kapita, kapita na nani, na kabeba nini kwenye mfuko. Asipoweza, kaka yangu Mbwana anamchukua kwenda Korogwe, kwenye nyumba ya choo cha ndani, alazwe sebuleni kwenye sofa, mbele ya televisheni. Mama akisikia neno sofa tu, anageukia ukutani.

Hayo ndiyo mambo ya watu walio macho. Turudi uani.

Hotpoti ilikohoa. Mfuniko ukanyanyuka kidogo na kijiko kikatoa kichwa. Ni kile kijiko cha mama cha bati, kikongwe, kimekula futari nyingi kuliko imamu wetu.

“Samahanini,” kikasema. “Mwezi huu nimeshikwa na kila mtu, hata sijijui. Naomba kumwona mwenyewe.”

“Mwenyewe nani?” Mama Salhina akauliza.

“Mwenye mkono.”

Nikasema sawa, kwa sababu kijiko kilikuwa na adabu.

Tukasogea kumpisha kuku wa kwanza kwenye foleni, na hapo hapakuwa uani tena. Kamba ya nguo imekuwa dripu, inadondosha maji tone kwa tone kwenye shuka zetu. Banda la kuku limekuwa dirisha la getini, na ndani yake kajikunyata mlinzi anakula karanga.

“Mnakwenda kwa nani?”

“Bi Mwantumu, wodi ya wanawake.”

“Kipande gani?”

“Kipande gani kivipi?”

“Midomo kushoto, migongo kulia. Miguu haionwi siku za kazi.”

“Tunataka kumwona yeye wote,” nikasema.

Mlinzi akatafuna, akameza, akanitazama kwa huruma. “Yeye wote huku hayupo, dada. Watu kamili wanapatikana majumbani kwao.”

Mama Salhina akanikanyaga mguu. “Mdomo,” akamwambia mlinzi. “Tumekuja kuona mdomo.” Halafu akanong'ona, “Tuingie kwanza, mengine tutayasemea ndani.” Ndivyo alivyo. Hakuna mlango anaoushindwa yule.

Ndani ni wodi, na nasema wazi, sijapata kuona watu wanachapa kazi namna ile. Manesi wanapita kama sindano ya cherehani. Nesi wa Joto anapima joto na hageuki nyuma. Nesi wa Vidonge ana mdomo mrefu kama birika, anamimina vidonge kitanda hadi kitanda bila kudondosha hata kimoja. Nesi wa Shuka anatandika vizuri mno, akimkuta mgonjwa kitandani anamkunja naye kwenye pembe, anampigapiga, anaendelea. Kila mmoja ana kazi moja, na kazi hiyo anaijua mpaka basi. Nilisimama nawatazama kama natazama ngoma.

Nesi wa Mto alipopita nikamshika kiwiko.

“Sista, samahani, mama kichwa kimetulia?”

“Kichwa si changu. Mimi wa mto. Nesi wa Kichwa yuko nyuma yangu, mpishe.”

“Na mama mwenyewe ni wa nani?”

Akasimama. Akafikiri kwa moyo safi kabisa, mto ukiwa kwapani. “Hilo swali zuri,” akasema. “Hatujawahi kuulizwa.” Kisha akaenda zake, maana vitanda vilikuwa vingi.

Tukamkuta mama. Au tuseme tulikuta alipofikia. Palikuwa na uso, kifua, na ule mguu wenye chuma, kwa kuwa huo ndio uliokuwa na shughuli hospitalini. Vingine havikuwepo. Uso ulikuwa umepakwa mafuta ya nazi, unang'aa, nywele zimesukwa mtindo wa twende kilioni, na kanga imefungwa kwa ustadi kuzunguka mahali palipokuwa na mtu. Ananukia asumini. Sikuwa na la kulaumu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja na nani?”

“Mama Salhina. Na kijiko chako.”

Mama akakitazama kijiko, kijiko kikamtazama mama. Waliangaliana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja.

“Nitakishika kwa kitu gani?” akauliza mama.

“Mikono iko wapi?”

“Wameondoka nayo. Ilikuwa imekaa tu.”

Nesi wa Usafi alikuwa anapita na toroli lake, akatusikia. “Iko stoo,” akasema. “Hapa kitu kisichotumika hakiachwi kitandani, kinazagaa. Mgonjwa akilishwa, mkono hauna kazi. Akifungwa kanga, vidole havina kazi. Akibebwa kwenda msalani, mguu mzima nao hauna kazi. Sisi hatumnyang'anyi mtu. Tunapita jioni, tunaokota.” Kisha akanipa mkono. “Wewe ndiye binti yake? Hongera sana. Hatujapata ndugu wanaotuletea vitu vingi kama ninyi.”

Nikashukuru. Ningesemaje.

Wakati ule ule kaka Mbwana akaingia, amejitwika sofa kichwani, na suti yake ya benki haijakunjamana.

“Mbona na sofa, kaka?”

“Jumatatu imewahi,” akasema. “Nampeleka mama. Nimempima kwa macho kuanzia mlangoni. Sasa hivi anaenea kwenye mto mmoja wa sofa, sehemu iliyobaki watakaa wageni.”

Mama akageukia ukutani. Kwa vile alikuwa uso na kifua, kugeuka kulimchukua muda, na sote tulisubiri kwa heshima.

“Basi la Korogwe linaondoka kengele ikilia,” kaka akasema.

Nikatazama mlangoni. Kengele ya kuwatoa wageni ilikuwa inaning'inia pale, na mkono mmoja usio na mwili, mkavu, wa mtu mzima, umeishika kamba tayari.

Nikakiambia kijiko, “Tupeleke stoo.”

Stoo ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, na kufika ndani nikakuta ni soko letu la Ngamiani, meza zile zile, ila juu ya meza pamepangwa mikono. Mikono ya wazee wa mji mzima. Huu unapitisha uzi kwenye tundu la sindano lisiloonekana. Ule unaandika hewani kwa chaki, unafuta, unaandika tena. Mwingine unapima mchele hewani kwa kibaba, na kipimo hakipungui. Ilikuwa na ujuzi mwingi ile mikono hata nikaona haya kupita na ya kwangu. Na umbea nilioupata pale ulinitosha mwaka, maana mkono hauwezi kuficha jambo. Kuna mkono wa mzee mmoja, sitamtaja, ulikuwa na pete ambayo mkewe haijui.

Mikono ya mama ilikuwa kwenye kona, imekaa juu ya gunia, inasuka ukili usiokuwepo. Niliitambua kwa sugu ya kidole gumba. Ilikuwa inasuka polepole, inakosea, inafumua. Mama hajapata kufumua.

“Twende nyumbani,” nikasema, nikainama niibebe.

“Usitubebe,” ukasema mkono wa kulia, ambao ndio ulikuwa msemaji. “Kubebwa ndiko kulikotuleta huku.”

“Basi tembeeni.”

“Atuite mwenyewe.”

“Mwenyewe kachoka.”

“Hajachoka. Hajaachiwa. Nendeni mkakae na Sista Nakijwa.”

Mama Salhina akakunja uso ndani ya koti lake. “Yule anayekaa tu? Yule mvivu?”

Hapa tena niwaeleze. Sista Nakijwa ni nesi wa kweli, Mpare, ana sauti ya chini na viatu visivyolia. Wiki hii wodi ya mama imebadilisha utaratibu. Zamani kila nesi alikuwa na kazi yake, anapita nayo wodi nzima. Sasa kila mgonjwa kapewa nesi wake wa kumfuata toka kuingia mpaka kutoka, na mama akaangukia kwa Sista Nakijwa. Siku ya kwanza tu alitukuta tumemzunguka mama na vijiko vyetu, akasema, “Jamani, kilichovunjika ni nyonga. Mikono haijavunjika. Mwachieni.” Tulimwona mvivu anayetafuta njia ya kukwepa kazi. Mama Salhina akalitangaza hilo mpaka kwa wauza dagaa.

“Ndiyo huyo anayekaa,” ukasema mkono wa kulia. “Wewe umeshajaribu kukaa?”

Mama Salhina akavuta kofia ya koti lake mpaka machoni.

Tulipotoka stoo tulitokea chini ya kitanda cha mama, tukajipangusa vumbi. Sista Nakijwa alikuwa pembeni ya kitanda kwenye kigoda, mgongo umenyooka, amekalia mikono yake mwenyewe.

“Karibuni,” akasema. “Kaeni.”

“Viti hakuna.”

“Kalieni mikono.”

“Wewe sista ni Nesi wa nini?” nikamwuliza.

“Wa Bi Mwantumu.”

“Kipande gani?”

“Wa Bi Mwantumu,” akarudia, kama mtu anayekutajia mtaa anaoishi. “Bi Mwantumu hasemeshwi kabla ya chai. Akiamshwa huanza ubavu wa kulia. Kwenda msalani anataka aambiwe mapema, hapendi kushtukizwa kama mwizi. Akinyamaza ana maumivu, akilalamika hana. Mguu huu hauwezi, kwa hiyo huu ni wangu.”

Akachomoa mkono mmoja kutoka chini yake, akaunyanyua mguu wa mama, taratibu, akauweka kwenye mto mahali pake hasa, hata mama akashusha pumzi. Kisha mkono ule ukarudi chini kukaliwa, kwa hiari yake, bila kuambiwa. Nimeona manesi wengi. Mkono unaojua kurudi nilikuwa sijauona.

“Vingine ni vyake,” akasema.

“Sasa kazi yako ni ipi?” Mama Salhina akauliza, na safari hii hakuuliza kwa shari.

“Kusubiri.”

“Basi?”

“Jaribu.”

Tukakaa chini, tukakalia mikono. Mwanzoni si kitu. Halafu mama akalitazama bakuli la uji pembeni yake, kijiko kikiwa kimeshaingia humo, akalamba mdomo, na mikono yangu ikaanza kunisema kutokea chini.

“Mama yako ana njaa,” wa kushoto ukaniambia, “na wewe umetuatamia kama mayai.”

“Watu watasemaje,” wa kulia ukadakia. “Binti yupo, mama anakodolea bakuli.”

Natoka jasho. Kukaa ni kuzito kuliko gunia la chumvi. Pembeni yangu mkono wa Mama Salhina umeponyoka, unatambaa juu ya shuka na leso kwenda kumfuta mama mdomo ambao haujachafuka. Sista Nakijwa anakohoa kidogo tu. Mkono unasimama, unafikiri, unarudi.

“Njooni,” akasema mama.

Kaka Mbwana anapangusa sofa.

“Njooni basi,” mama akasema tena, na sasa sauti ilikuwa ile anayowaita nayo watoto jua likizama. “Mnazurura tu huko.”

Chini ya kitanda pakakwaruza. Mikono ya mama ikatokea, inapanda shuka kwa vidole kama kaa anapanda mwamba. Ilikuwa imedhoofu. Ilifika nusu, ikateleza mpaka sakafuni. Nikajikuta nimenyanyuka.

“Bado,” akasema Sista Nakijwa.

“Inaanguka.”

“Naiona. Niliweka mto chini, mikono haiumii. Bado.”

Nikatazama, na kweli pale sakafuni palikuwa na mto, umewekwa zamani, kabla hata sisi hatujafikiri kuja. Nikakaa. Nilimheshimu mwanamke yule palepale, heshima iliyonipanda kutoka miguuni.

Mikono ikapanda tena. Wa kushoto ukawa unausukuma wa kulia kwa nyuma. Ikafika kifuani kwa mama, ikapumzika, ikajishika mabegani kila mmoja upande wake, ikatulia kama watu waliorudi kutoka safari na funguo wanazo. Mkono wa kulia ukanyooka mpaka kwenye bakuli, ukashika kijiko.

“Huyu ndiye,” kikasema kijiko. Na kwa furaha kikapinda shingo upande wa kushoto, ili kimwone usoni.

Kijiko cha kwanza kilimwagika chote. Uji ukashuka kitandani, ukaingia sakafuni, ukawa mto wa maji unaopita katikati ya wodi. Nesi wa Shuka akapita anaelea, bado anatandika. Kijiko cha pili kikamwagika nusu. Wagonjwa wa vitanda vingine wakainua vichwa, wengine kichwa ndicho walichobakiwa nacho, wakamtazama Bi Mwantumu anavyokula kama watu wanaotazama mpira.

“Muda umekwisha,” kaka Mbwana akasema. “Pigeni kengele.”

Hapo bibi wa kitanda cha dirishani, mwalimu mstaafu ambaye siku zote analishwa na wajukuu wawili kwa zamu, akasema kwa sauti nyembamba, “Na wa kwangu uje.” Ule mkono mkavu uliokuwa mlangoni ukashtuka. Ukaachia kamba. Ukashuka ukutani, ukavuka mto wa uji kwa kuogelea, ukapanda kitandani kwa mwalimu.

Kengele ikabaki inaning'inia, haina wa kuipiga. Basi halikuondoka.

Baada ya hapo wodi nzima ikawa inaita. Njoo, njoo, na wewe njoo. Mikono inatoka stoo kwa makundi, mingine imepotea njia inauliza kwa manesi, na manesi, nawasifu, waliacha toroli zao wakawa wanaielekeza mmoja mmoja: huu kwa Bi fulani, ule kitanda cha pili. Nesi wa Mto aliufikisha mkono mmoja mpaka kwa mwenyewe, akamwuliza jina, akakaa.

Kaka Mbwana, kwa kukosa la kufanya, alikaa kwenye sofa asubiri. Nesi wa Vidonge akammiminia, ndugu asiowajua wakamletea chai, wakamfuta mdomo. Nilipogeuka tena alikuwa amebaki kichwa na tai.

“Huku kuna starehe,” akaniambia. Sikutaka kumkatiza.

Mama alikula mpaka akakwangua bakuli. Kila alipomeza kitu kilirudi, tumbo, kiuno, mguu ule mwingine ukaja na ndara yake. Alipomaliza akajifungua kanga ile ya ustadi tuliyomfunga, akajifunga upya, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, kama anavyofunga siku zote. Nikaona mama yangu ndiye huyu. Yule mwingine alikuwa kapambwa na sisi.

Kisha akakitia kijiko ndani ya hotpoti, akaifunika, akaizungushia kitambaa na kupiga fundo. Lile fundo lake analomalizia mkeka: sikio moja refu, la pili limefichwa ndani, ukijua pa kuvuta linafunguka kwa mkono mmoja, usipojua utalikata kwa kisu. Mtaa mzima hakuna mwingine anayeliweza. Mama Salhina alijaribu miaka, akasusa.

Sista Nakijwa akachomoa mikono yake kutoka chini. Ilikuwa imekuwa bapa kama chapati, ina alama za kigoda. Akaipuliza, akaitikisa. Nikaelewa kwamba huyu ndiye aliyefanya kazi nzito kuliko sote humo ndani.

“Mmekula ninyi?” mama akatuuliza.

“Bado, mama. Tulikuwa tunagombana.”

“Nendeni mkale. Mimi nimeshakula.”

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia kwenye pazia. Mikono yangu yote miwili imekufa ganzi, nimeilalia. Nikiwa naitikisa nikasikia hodi mlangoni, hodi ya mtu asiyetaka kukaribishwa.

Ni Mama Salhina. Bila koti la mvua. Hatukuwa tumesemezana tangu jana jioni, maana ule ugomvi wa zamu ulikuwa wa kweli, tuliupigania pale pale kitandani kwa mama mpaka Sista Nakijwa akatutoa nje wote wawili, kwa upole, na hotpoti yangu ikabaki ndani.

“Sikuja kwako,” akasema. “Nimeleta chombo.”

“Umetoka hospitali?”

“Nilikwenda na watu wa uji wa asubuhi. Nilitaka nikuwahi.”

“Ukamlisha?”

Akatazama kizingiti. “Kaninyang'anya kijiko.”

“Sista?”

“Mama yako. Nilikuwa nimeshachota, nimeshapuliza. Akaniambia, lete hapa, unanichelewesha. Akala mwenyewe. Kamwaga hapa, na hapa, na mimi kanimwagia,” akanionyesha doa kwenye kanga, na alinionyesha kama mtu anayeonyesha zawadi. “Kala, kamaliza. Sista kakaa pembeni kwenye kigoda, nikamwona vizuri, kakalia mikono. Mimi nikadhani anasikia baridi.”

“Halafu?”

“Halafu kajifunga kanga, kajitahidi mpaka msalani na gongo, Sista kashika mguu tu. Kurudi akaniambia, mwambie Mbwana lile sofa alilale yeye.” Akahamishia hotpoti mkono wa pili. “Mimi nilisimama kama nguzo, Mama Ridhiki. Nilikuwa sijui mikono yangu niiweke wapi.”

Akaninyooshea hotpoti. Kitambaa kimefungwa. Sikio moja refu, la pili limefichwa ndani.

“Nani kafunga hii?”

“Nani mwingine anaweza?”

Nikavuta panapovutwa. Fundo likafunguka kwa mkono mmoja. Ndani palikuwa na kijiko cha bati, kimeoshwa, shingo imepinda upande wa kushoto, kama mtu anayemwangalia mwenzake usoni.

Jana nilikiacha kimenyooka.

“Hiki mama ndiye kakipinda, kwa kukikaza?” nikauliza.

“Hapana. Asubuhi nilipokitoa nilikikuta hivyo hivyo, kabla hajakishika. Nikasema huyu Mama Ridhiki hata vijiko anavitesa.”

Nikakitazama muda. Hakikusema kitu. Kina adabu.

Mama Salhina alikuwa ameshageuka kuondoka.

“Umekula?” nikamwuliza.

“Nani ale, toka alfajiri niko njiani.”

“Ingia. Kuna mihogo ya nazi, imepoa kidogo tu.”

Alisita, halafu akavua ndara, akaingia, akakaa kwenye mkeka wa mama karibu na sufuria. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye upawa. Nikauita ukarudi. Nikakaa chini mbele yake, nikaikalia yote miwili, na ganzi yake.

“Karibu, mwenzangu,” nikamwambia. “Jipakulie.”